NYUMBA ZA MAWE ZA LAMU NA KAZI YA KUZITUNZA

(Haya ni maneno ya mazungumzo juu ya miji ya kale ya pwani na kazi inayowangoja watu wa vyama vya historia. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya wale wasiopata kuyasikia.)



Mtu afikaye Lamu kwa mara ya kwanza huingia kwa chombo, kwa sababu mji uko kisiwani. Toka mbali huona safu ya majengo meupe yaliyoelekea maji, na gati, na punda wanaongoja mizigo. Akisha kupanda kutoka pwani na kuyapita majengo hayo ya mbele, hujikuta katika vichochoro vyembamba mno, hata akikutana na punda aliyebeba mawe ya kujengea hana budi kujibanza ukutani mpaka mnyama apite. Kuta ni ndefu, madirisha ni machache, na huenda akiinua macho akaona chumba kilichovuka njia juu ya kichwa chake, toka nyumba hii mpaka nyumba ile. Wenyeji hukiita wikio.

Mgeni huyo aghalabu husema, "Mji huu ni mzuri, haukubadilika tangu zamani." Maneno hayo ni ya heshima, lakini si ya kweli. Mvua za masika huzila dari, chumvi huula ukuta, mchwa huila miti. Mji unaoonekana kwamba haukubadilika ni mji ambao watu wake wamekuwa wakiutengeneza pasipo kuchoka, baba kwa mwana. Mazungumzo haya ni juu ya kazi hiyo ya kutengeneza, na juu ya swali lililo gumu kuliko kazi yenyewe, yaani ni nani apaswaye kuifanya na kwa fedha ya nani.

Lamu si mji wa jana. Katika karne ya 15 mwandishi wa Misri aitwaye al-Maqrizi alitaja habari za kadhi wa Lamu aliyekutana naye Maka, na mji wenye kadhi ni mji uliokwisha kukomaa. Utajiri wake mkubwa ulikuja baadaye, hasa katika karne ya 18, vyombo vilipokuwa vikisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi kati ya pwani hii na Arabuni na Bara Hindi, vikichukua pembe za ndovu, boriti na nafaka. Nyumba nyingi zilizo maarufu za mtaa wa Mkomani ni za wakati huo. Tena haifai kuficha kwamba watumwa walikuwa miongoni mwa bidhaa za biashara ile, na kwamba mashamba ya bara yaliyowalisha wenye nyumba yalilimwa kwa jasho la watumwa, mpaka utumwa ulipoondolewa katika sheria ya Kenya mwaka 1907. Mtu asifuye ukuta mzuri na amkumbuke pia yule aliyebeba mawe.

Mnamo mwaka 1812 hivi, watu wa Lamu waliwashinda Mazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate katika vita vya Shela. Wakihofu kwamba adui atarudi, waliomba himaya ya Sayyid Said wa Omani. Ngome kubwa iliyoko katikati ya mji ilianzwa kujengwa mwaka 1813 ikamalizika 1821.

Ngome ile ina somo lake. Tangu mwaka 1910 mpaka 1984 ilikuwa jela. Wafungwa walipoondolewa, ilikabidhiwa Idara ya Makumbusho ya Taifa, ikatengenezwa, ikafunguliwa kwa watu wote, na leo watoto wa shule huingia mahali ambapo babu zao waliogopa hata kupapita. Fort Jesus ya Mombasa ilipata bahati ya namna hiyohiyo kabla yake. Wareno waliijenga tangu 1593 mpaka 1596. Serikali ya Kiingereza iliitumia kama jela tangu 1895 mpaka 1958. Ndipo kwa msaada wa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Ureno wafungwa wakahamishwa, majengo yaliyoongezwa ya jela yakavunjwa, Bwana James Kirkman akachimbua ardhi kutafuta habari za kale, na mwaka 1960 nyumba ya makumbusho ikafunguliwa humo. Mwaka 2011 ngome hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Mambo hayo ni mema, na wote walioyafanya wastahili kushukuriwa. Walakini yafaa kusema wazi kwamba kuokoa ngome ni kazi rahisi. Ngome ina mwenyewe mmoja, ambaye ni Serikali. Haina mjane, haina yatima, haina ndugu aliye safarini. Afisa mmoja akitia sahihi karatasi, kazi huanza. Lakini mji haufanywi kwa ngome. Mji hufanywa kwa nyumba za watu, na kila nyumba ina wenyewe, tena siku hizi wenyewe ni wengi.

Ili mtu aelewe shida ilipo, hana budi kwanza kujua nyumba ya mawe ya Lamu imejengwaje.

Mawe yake ni ya matumbawe. Mengine huchimbwa ardhini, hasa kisiwa cha Manda mahali paitwapo Maweni, na hayo ni magumu, hutumika kwa kuta. Mengine hutolewa baharini, nayo yakiwa bado mabichi ni laini hata fundi huyachonga kwa nakshi kama mtu achongaye mti. Udongo wa kuunganisha mawe huchanganywa na chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo. Chokaa ikisha kuungua haitumiwi upesi. Hutiwa maji ikaachwa muda mrefu ipoe na kulainika. Wazee wa kazi hii hawaamini chokaa iliyochomwa juzi.

Ukuta ukisha kusimama, unene wake ni kama dhiraa moja, hulazwa boriti za mikoko kutoka ukuta huu mpaka ukuta wa pili. Boriti haiwezi kubeba mzigo mzito ikiwa ndefu mno, na kwa hiyo vyumba vya nyumba za zamani vyote ni vyembamba, upana wake ni futi 8 au 9 tu, hata kama urefu ni mara tatu ya hapo. Huo ndio mkoko uliompimia Mswahili chumba chake. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, na juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, ikapigwapigwa kwa vipande vya miti mpaka ikakazana. Dari ya namna hiyo ni nene na nzito, lakini ndani yake mna baridi hata jua la saa saba mchana.

Nje mlangoni mna daka, yaani baraza zenye kivuli ambapo mwenye nyumba alipokea watu asiotaka waingie ndani. Kisha kiwanda kilicho wazi juu, na nyuma yake vyumba vinafuatana, kimoja ndani ya kingine, kila kimoja kikiwa cha siri kuliko kile kilichokitangulia. Katika ukuta wa ndani kabisa ndimo zilimo zidaka, safu juu ya safu, zimepambwa kwa chokaa iliyochongwa. Chooni huwa mna birika la maji, na katika maji hayo wazee waliweka samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Ni vigumu kutosema kwamba watu hao walijua afya kabla ya mabwana afya kuja.

Zaidi ya hayo, ilikuwa desturi ya watu wa nyumba za mawe baba ampe binti yake nyumba, au sehemu ya nyumba, aolewapo. Mume ndiye aliyehamia. Ikiwa kiwanja kando kilijaa, ilijengwa ghorofa juu, au wikio likavushwa njia, ili mama na binti waamkiane pasipo kutoka nje. Mji ulikua kwa namna hiyo, ndoa kwa ndoa, na ndiyo sababu mipaka ya nyumba zake huwatoa jasho wapima ardhi.

Sasa na tazame mtu jinsi nyumba kama hiyo inavyokufa. Haifi kwa siku moja. Huanza kwa ufa mdogo katika dari, ambao mtu angeweza kuuziba kwa ndoo moja ya chokaa. Haukuzibwa. Maji hupenya, hufika kwenye kichwa cha boriti kilichozama ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana. Kichwa huoza huku sehemu yote nyingine ya mti ikionekana nzima. Siku moja boriti hushuka, nayo huvuta jirani yake, na dari ile nzito huanguka yote pamoja. Ukuta uliokuwa ukishikwa na dari hubaki peke yake, na mvua ya mwaka wa pili huumaliza. Kisha mahali pale huota mapapai, na majirani hutupa taka.

Wala isidhaniwe kwamba hatari hii ni ya nyumba ndogo tu. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ni jengo kubwa kupita yote ya zamani katika Mji Mkongwe, na Mji Mkongwe wenyewe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa wamo kazini wakilitengeneza, sehemu kubwa ya jumba ilianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wakapoteza maisha yao. Sifa ya dunia nzima haikuweza kuishikilia dari.

Adui mwingine huja kwa sura ya rafiki. Mwenye nyumba akipata fedha kidogo hutaka kuitengeneza, naye huenda dukani akanunua saruji. Huo ndio ushauri anaopewa na kila mtu, maana saruji ni ya kisasa, hukauka upesi, na kila fundi aijua. Walakini ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka chini, na maji hayo yana chumvi. Ukipakwa chokaa, ukuta hupumua, maji hutoka taratibu, na chumvi hubaki juu ikaanguka kama unga. Mwenye nyumba hufagia, hupaka chokaa tena, basi. Ukipakwa saruji, ukuta hauna pa kupumulia. Maji hupanda juu zaidi kutafuta njia, chumvi hukusanyika ndani, na baada ya miaka michache saruji hubanduka kama ganda, nayo hutoka na uso wa jiwe. Tena wako wanaoondoa boriti wakamwaga zege yenye vyuma. Hewa ya bahari huingia katika nyufa, chuma hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka. Mtu huyo ametumia fedha nyingi kuliko mwenziwe wa chokaa, na nyumba yake itakufa kwanza. Si haki kumcheka. Hakuna aliyemwambia.

Kwa nini basi mwenye nyumba hakuuziba ule ufa wa kwanza? Watu wengi wa bara hudhani ni uvivu, au ni kutojali. Jambo lenyewe ni hesabu.

Mathalani, mzee mmoja wa Mkomani alifariki, wazazi wake wakiwa wamekwisha kutangulia. Aliacha mke mmoja, wana wa kiume watatu, na mabinti wawili. Kwa sheria ya Kiislamu mke hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane, na kilichobaki hugawanywa kati ya watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Hesabu hutoka sawa ikiwa nyumba itakatwa katika mafungu 64: mama mafungu 8, kila mwana wa kiume 14, na kila binti 7. Sheria ni ya haki, na kila mtu amepewa chake. Lakini dari haigawanyiki katika mafungu 64. Kaka mkubwa ana kazi Mombasa. Wa pili yuko Arabuni. Wa tatu ni mvuvi, hana kitu. Dada mmoja ameolewa Malindi. Anayekaa katika nyumba ni binti mdogo pamoja na mama yake mzee, na yeye ndiye anayelala chini ya ule ufa, ingawa ana mafungu 7 tu. Akitengeneza kwa fedha yake, ametengeneza mali ya wengine. Asipotengeneza, itamwangukia yeye. Kisha yule kaka mkubwa akifariki, mafungu yake 14 hukatwa tena kati ya mjane wake na watoto wake, na baada ya vizazi viwili nyumba moja yaweza kuwa na wenyewe wengi wasiojuana kwa majina.

Hapo ndipo huja mnunuzi. Katika miaka ya karibuni nyumba nyingi za Lamu na Shela zimenunuliwa na watu wa ng'ambo na matajiri wa Nairobi. Mnunuzi hutoa fedha taslimu, kila mrithi hupewa fungu lake mkononi, na ugomvi wa miaka mingi huisha kwa siku moja. Nani awezaye kuwalaumu? Wengi wa wanunuzi hao wametengeneza nyumba zao kwa chokaa na boriti, vizuri kuliko wenyewe wa kwanza walivyoweza, na wamewapa mafundi kazi. Lakini baadhi ya milango hiyo hufungwa sehemu kubwa ya mwaka. Aliyeuza huenda akajenga nyumba ya matofali au ya bati nje ya mji wa kale, kwenye mitaa mipya kama Kashmir na Gardeni. Msikiti uliokuwa ukijaa mtaani hubaki na safu moja. Mawe yamesimama, na mtaa umehama. Hapo mtu aweza kuuliza kama kilichookolewa ni mji au ni picha yake.

Serikali haikukaa kimya. Mapema katika miaka ya 1970 msanifu majengo Usam Ghaidan alizipima na kuzichora nyumba za Lamu, na kitabu chake kilitoka mwaka 1975. Kazi hiyo iliendelezwa na Francesco Siravo na Ann Pulver, ambao mpango wao wa kuutunza mji ulichapwa 1986. Mwaka huohuo mji wa kale ulitangazwa katika Gazeti la Serikali kuwa mahali pa kulindwa, na tangu hapo mtu hawezi kuvunja au kugeuza nyumba humo pasipo idhini. Sheria mpya ya Makumbusho na Urithi ilifuata mwaka 2006. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, ukawa wa kwanza kuingia miongoni mwa miji ya Waswahili iliyoko Kenya. Eneo lenyewe ni dogo, kama ekari 39 tu. Wako wakulima bara ambao shamba lao la mahindi ni kubwa kuliko hilo.

Sheria hiyo ni ya lazima, na pasipo hiyo majumba marefu ya zege yangekwisha kuziba hewa ya mji. Lakini sheria husema, "Usivunje." Haiwezi kusema, "Simama wewe kwa miguu yako." Nyumba ambayo hakuna aliyeivunja yaweza kuanguka vilevile, tena kwa idhini ya mvua.

Hapa ndipo vyama vya historia vinapopata kazi yao. Watu wengi wakisikia jina hilo, "chama cha historia," hufikiri ni wazee wachache wanaokunywa kahawa na kubishana juu ya nasaba, au ni wageni wanaopenda magofu. Wako wa namna hiyo, nao hawana madhara. Lakini mambo yaliyodumu katika nchi hii yalidumu kwa sababu wenyeji walikuwa na mahali pa kukutana na shauri la kufuata. Makaya ya Wamijikenda, yaliyoingia katika urithi wa dunia mwaka 2008, yangekuwa yamekatwa kuni zamani kama si wazee wa kaya na miiko yao. Thimlich Ohinga, boma la mawe lililoko Migori, lililoingia mwaka 2018, limejengwa pasipo udongo wala chokaa wa kushika mawe, na lina zaidi ya miaka 500. Halikudumu kwa uchawi. Kila waliokuja kukaa humo baada ya wale wa kwanza walizirudishia kuta mawe yaliyoanguka, kwa sababu walikuwa na ng'ombe ndani.

Lamu yenyewe ina mfano wa karibuni. Bandari mpya ilipoanzishwa ghuba ya Manda mwaka 2012, na baadaye likaja shauri la kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe karibu na hapo, jumuiya ya wenyeji iitwayo Save Lamu ilipeleka malalamiko mbele ya Baraza la Rufaa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza lilifuta leseni ya mtambo ule, likisema kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyopaswa. Mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya umeme na makaa. Lakini watu wa mji mdogo walisikilizwa, kwa kuwa walikuwa wamejiandikisha, wamekutana, na wameandika mambo yao. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, na kwa hiyo haja ya watu wa namna hiyo haikwisha.

Kwa upande wa nyumba, kazi ya chama ni ndogo na haina fahari. Mwanachama apita mtaani na daftari. Huandika nyumba hii ni ya nani, warithi wako wapi, boriti zina hali gani, na maji ya mvua huenda wapi. Humtafuta ndugu aliye Arabuni kwa simu. Humwomba kadhi akutane na warithi kabla ya mnunuzi kukutana nao, na huwauliza kama wako tayari nyumba iwekwe wakfu, isipate kuuzwa. Huwatafuta wazee wa chokaa waliobaki na kuwatilia vijana wa kujifunza kazi, maana wachonga milango bado wanaonekana na soko lao ni zuri, lakini mgeni hanunui dari akaenda nayo kwao. Hukumbusha pia kwamba boriti hutoka mikokoni, na kwamba zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii. Tangu mwaka 1982 hairuhusiwi kupeleka boriti ng'ambo, na mkoko ukikatwa ovyo hapatakuwa na nyumba wala samaki.

Turudi kwa wale warithi wa mafungu 64. Chukua kwamba wamekutana barazani siku moja, kaka mkubwa amekuja toka Mombasa kwa basi na mashua, na fundi mzee ameitwa atazame dari. Fundi amepanda, amegonga kila boriti kwa kipini cha shoka, akashuka.

"Mwanangu," asema fundi, "dari yenu haijafa. Boriti sita zimeoza vichwa. Nyingine zitawazika nyote."

"Baba fundi," ajibu kaka mkubwa, "kwa nini tusimwage zege tukapumzika?"

"Ukuta huu una umri wa mababu zako. Ukimtwika mzee gunia mbili kichwani, usishangae akikaa chini."

Binti mdogo asema polepole, "Kaka, mimi sina cha boriti sita. Lakini sitaki kuhama, na mama hataki."

Kaka anyamaza kitambo. Kisha aomba kalamu, na juu ya karatasi iliyofungiwa sukari agawanya gharama ya fundi katika mafungu 64. Mafungu 8 ya mama wana wa kiume watayalipa wao, maana haielekei mama atozwe. Ya mvuvi yatalipwa kwa mikono, atachukua mawe toka Maweni kwa mashua yake. Aliye Arabuni atapigiwa simu usiku. Dada wa Malindi amekwisha kutuma salamu kwamba atatoa kama wengine watatoa.

"Chokaa unayo?" auliza.

"Ninayo iliyolala tangu mwaka jana," asema fundi. "Lakini kaskazi inakwisha. Boriti zisipoingia kabla ya mwezi wa Machi kwisha, msinilaumu."

Wakapatana aanze Jumamosi.